Sahani ya Peke Yangu

Wifi yangu ndiye aliyeuona ugonjwa wangu kabla sijauona mwenyewe. Tulikuwa jikoni, nimeshika sufuria ya wali namwaga maji, tunamsengenya jirani mmoja na kucheka. Ghafla akaninyooshea kidole. "Wifi," akasema, "mkono wako unaungua." Nikatazama. Ngozi ya vidole viwili ilikuwa imegandia sufuriani, na ile harufu niliisikia tangu mwanzo nikadhani ni samaki aliokuwa akiwachoma. Maumivu hakuna, hata kidogo. Nikacheka tena, mjinga mimi, nikaona nimejaliwa mkono mgumu.

Haya nayaandika kwa ajili yako uliye na baka lisilosikia moto wala mwiba, unalifunika kwa kanga watu wasilione. Kalamu nimeifunga kwa kitambaa kwenye vidole vilivyobaki na nguvu, kwa hiyo mwandiko unisamehe. Ukoma unatoka wapi na unaingiaje mwilini, waulize wenye kazi yao. Mimi nitakueleza habari ya kukaa benchi, na habari ya kurudi nyumbani. Ya kurudi ndiyo ambayo mimi hakuna aliyenieleza, na ndiyo iliyoniumiza kuliko sindano zote.

Kwetu ni visiwani, pale Rufiji inapogawanyika kabla ya kuingia baharini. Tunalima mpunga, na wanaume wanakata mikoko. Mume wangu Mshamu alikuwa mkata mikoko, akiingia msituni anakaa huko mpaka tumemsahau sura. Tulikuwa na mtoto mmoja, Somoe, ndiyo kwanza ameacha ziwa. Niliishi mji mmoja, yaani ua mmoja, na mama yangu na kaka yangu Mkumba, mwenye mji, pamoja na mkewe ambaye ndiye huyo wifi.

Mwanzoni hakuna aliyetamka neno. Mkumba alisema tu, "Dada, mwaka huu ndege wamezidi, kalale dunguni." Dungu ni kibanda tunachokijenga juu ya nguzo katikati ya shamba la mpunga, maji yakipanda yapite chini, na mlinzi akae juu afukuze ndege. Nilikwenda bila kinyongo, kwa kuwa kila mtu hukaa dunguni msimu wake. Mpunga ukaiva, tukavuna. Majirani wakashuka kwenye madungu yao, wakarudi kijijini na watoto na kuku. Mimi sikuitwa.

Nikamuuliza mama siku aliyoniletea chakula. Alikuwa amesimama chini ya ngazi, bakuli limefunikwa kwa kawa.

"Mama, ndege gani nalinda sasa? Shamba ni mabua matupu."

"Kaa tu kwanza, mwanangu."

"Nikae mpaka lini?"

"Mpaka kaka yako atakaposema." Akaliweka bakuli kwenye kipago cha chini cha ngazi, akarudi nyuma, ndipo nikashuka kulichukua. Hapo nikaelewa. Nikapanda juu na bakuli langu nikalia, na nililia zaidi kwa sababu wali ulikuwa wa nazi na mama yangu alikuwa amenichagulia kichwa cha samaki, ambacho nyumbani tulikuwa tunakigombania.

Mshamu alikuja mara moja. Alikaa kwenye mtumbwi, hakushuka, akaniambia ameniacha talaka moja na kwamba hana ubaya nami. Nilimjibu kuwa mimi ninao. Alipiga kasia akaenda, na sikumwona tena mpaka leo.

Mvua za masika zilinikuta bado kule. Dresa mmoja wa serikali aliyekuwa akizungukia visiwa kuchanja watoto akasikia habari zangu, akaja akanichoma pini mkononi huku nimefumba macho, kisha akaniambia nijifunge mzigo. Mama alinisindikiza mpaka kwenye mtumbwi. Somoe alikuwa mgongoni kwake. Nilinyoosha mikono nimbebe kidogo, na mama akasita, akageuka upande ili mtoto asinifikie. Simlaumu. Siku ile nilimlaumu sana.

Utete tulingoja mganga mkuu wa wilaya. Benchi la nje ya dispensari lilikuwa refu na wagonjwa wamebanana, wengine wamesimama. Nilipokaa mimi, benchi likapata nafasi. Mzee mmoja mwenye kikohozi kibaya aliinuka akaona bora akohoe amesimama. Tulirudi pale mara kadhaa, mganga yuko safari, mganga yuko bomani kwa Bwana Shauri, mganga ana homa yeye mwenyewe. Mwisho nikapakiwa nyuma ya lori la kupeleka korosho, nikapelekwa kambi ya wakoma, upande wa Kibiti.

Kambi ilikuwa nyumba za udongo kwenye mikorosho, na jengo moja la bati kwa ajili ya sindano. Aliyeitawala alikuwa nesi mzungu, mtu mzima, mrefu, miguu yake imeiva jua mpaka magotini, jina lake Sista Inga. Tulimdhania Mwingereza kama wengine. Alikataa kwa ukali. "Mimi natoka Norwei," alisema. "Kwetu ni mbali zaidi na ni baridi zaidi, na hatukumtawala mtu hapa." Mwenzangu wa chumba, Bi Mtumwa, mwanamke wa Nyamwage aliyekuwa haachi neno lipite, akasema, "Basi hata kutawala hamkuwahi, maskini."

Sista Inga alicheka. Kisha alinishika mkono wangu wa kidonda kwa mkono wake mtupu, akaugeuza akiuangalia. Tangu sufuria ile ya wali hakuna mtu aliyekuwa amenishika. Nililia mbele za watu na sikuona haya.

Kila Jumatatu ilikuwa sindano. Dawa yenyewe ilikuwa mafuta mazito, yanaingia matakoni kwa shida na kubaki humo kama jiwe, ukikaa unaumia, ukilala unaumia. Tulihesabu maisha kwa sindano hizo: fulani alikuja wakati wa sindano zangu za mwanzo, mvua zile zilinyesha nikiwa na jipu la sindano. Mwili ulifanya ulivyotaka. Nyusi zangu, nilizokuwa nikizipaka wanja kwa madaha, zilipukutika zote. Ndewe za masikio zikavimba. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vikajikunja na kukataa kunyooka. Niliacha kujitazama kwenye maji ya ndoo.

Kero ya Sista Inga kwetu ilikuwa moja, nayo ni sahani. Sisi tulikula kama walavyo watu, wanawake sinia moja, wanaume sinia yao. Yeye alitaka kila mtu awe na sahani yake, kikombe chake na kitanda chake. Alizileta sahani nyeupe za bati zenye ukingo wa buluu, akagawa. Tukapokea kwa adabu. Bi Mtumwa akaifanya yake kifuniko cha mtungi, mimi yangu nikawanyweshea kuku maji. Wakati wa kula tukarudi kwenye sinia. Sista akija anatukuta tumeliinamia, anashika kiuno.

"Kwa nini hamtaki?"

"Sista," Bi Mtumwa alimjibu, "tumefukuzwa makwetu ili tusile na watu. Hapa tumepata wa kula nao, na wewe unataka kututenga tena?"

Hapo ndipo alipokaa nasi kwenye foleni ya sindano na kutusimulia habari za kwao. Alisema ukoma ulikuwapo Norwei, tena mwingi. Tulidhani anatufariji kwa uongo. Mzungu na ukoma? Akaapa. Alisema watu wa pwani yao walikuwa wavuvi maskini, nyumba mbichi kwa mvua, familia nzima inalala kitanda kimoja na kuchota uji wa chungu kimoja, kila mtu na kijiko chake cha mti. Ugonjwa ukazunguka humo. Kisha serikali yao ikaweka sheria: mgonjwa aliyekuwa na chumba chake, kitanda chake na vyombo vyake aliruhusiwa kubaki kwao. Aliyekosa alipelekwa hospitali.

"Bibi yangu mzaa mama alikuwa mgonjwa," akasema. "Baba alimjengea chumba darini. Alikuwa na bakuli lake lenye jina lake. Kwa hiyo hakuna aliyeweza kumtoa nyumbani. Alikufa nyumbani kwake."

Alisimulia kwa fahari, na sisi tulimsikiliza kwa hamu. Tulimuuliza maswali mpaka akachoka. Alisema sasa ukoma umekwisha kwao, na haukumalizwa na sindano hizi, ila na nyumba kavu zenye madirisha, maziwa ya watoto, kila mtu kitanda chake. Alisema mjane analipwa na serikali, mzazi anapata mkunga hata akiwa maskini wa mwisho, mtoto wa mvuvi anasoma darasa moja na mtoto wa mwenye meli. Mama yake mwenyewe alikuwa mzee, anakaa peke yake katika nyumba ya vyumba viwili, ana jiko la chuma na redio, hamtegemei mtu.

"Peke yake?" Bi Mtumwa akashtuka. "Hana watu?"

"Anao. Lakini kila mmoja ana nyumba yake. Ni maisha mazuri."

"Akipika, anakula na nani?"

"Na redio," Sista akasema. Tulicheka mpaka mwenye sindano akatukemea.

Lakini mimi yale ya bakuli la bibi yake yaliniingia. Mwenye chombo chake hatolewi nyumbani! Nilikuwa na jambo moja tu nililolitaka duniani: kurudi kwetu, nikae kwenye mkeka na mama yangu, Somoe katikati yetu, tule sinia moja. Nikaona njia ya kurudi ndiyo hiyo. Nikaichukua sahani yangu kwa kuku, nikaisugua kwa mchanga, nikaanza kula humo. Bi Mtumwa alininunia siku nzima.

Baadaye zikaja dawa za vidonge, na mafuta yakaachwa. Wale tuliokuwapo tulishangilia kama tuko harusini. Ngozi ikaanza kulainika. Kila baada ya msimu walinikwaruza ndewe kwa wembe, wakaitazama ngozi hiyo kwenye kioo chao cha kukuzia vidudu, na mimi nangoja nje chini ya ukuta, nanyonyoa nyasi. Mara nyingi jibu lilikuwa bado. Siku moja, wakati watu wa bondeni wanapanda mlau, yaani mazao yanayopandwa maji ya mto yakishapungua, Sista Inga alitoka mwenyewe akanishika mabega. Safi. Na mara iliyofuata safi tena. Nikaruhusiwa kwenda.

Siku ya kuondoka alinipa sahani mpya. Ukingo wa buluu, na chini yake alikuwa amepigisha jina langu kwa msumari: Mama Somoe. "Kama la bibi yangu," akasema. Nilimbusu mkono. Bi Mtumwa alinikumbatia, akaninong'oneza, "Hiyo sahani itie mtoni, mwanangu, usifike nayo." Nilidhani ni wivu. Yeye alikuwa hana pa kurudi.

Nilifika nayo, tena nikiwa nimeibeba juu ya mzigo ionekane. Mama alipiga vigelegele alipotambua sauti yangu. Somoe alikuwa msichana wa kuteka maji sasa, alinitazama kwa mbali kama mgeni. Mkumba alinipokea vizuri, akaniuliza habari za huko, nikasema nimepona. Kisha nikaitoa sahani niwaonyeshe, nikaeleza habari za Norwei, za sheria yao, za bibi wa darini. Mkumba aliigeuza, akasoma jina langu chini.

"Huyo nesi ndiye amekupa?"

"Ndiye. Kwa mkono wake."

"Na yeye ndiye ajuaye ugonjwa huu kuliko sisi?"

"Kuliko mtu yeyote."

"Basi, dada," akasema taratibu, "kama umepona, kwa nini amekupa chombo chako mbali?"

Ningesemaje? Wifi alikuwa ameshawavuta watoto nyuma. Wali ulipoiva wote walikaa kuzunguka sinia, na mama akanipakulia changu kwenye sahani, akaniletea upenuni. Nilikula nikiwapa mgongo. Najuta siku hiyo kuliko ile ya sufuria. Ile sahani ningeitia mtoni kama nilivyoambiwa, pengine Mkumba angeniamini kwa mdomo tu.

Basi nikaishi hivyo, misimu ya mpunga ikaja na kwenda. Nililima, nilitwanga, nilikesha na watoto wa wifi walipougua, na kula nilikula upenuni. Kitanda changu peke yangu. Sista Inga angefurahi. Nilifanya jambo moja kwa kiburi: sikubakiza chakula. Niliwahi kumwona wifi akifukia makombo yangu kwenye shimo nyuma ya choo, na nikaapa hatafukia tena. Punje ya mwisho niliifuata kwa kidole. Sahani niliirudisha jikoni inang'aa.

Mama naye akawa ananijazia. Kila siku wali ulizidi, mpaka unamwagika ukingoni.

"Mama, unataka nipasuke?"

"Kula, mwanangu. Ukishiba acha."

"Sishibi," namjibu, na nafuta sahani yote. Nilidhani ananilipa kwa wali yale ya kwenye mtumbwi, na nilikuwa tayari kulipwa. Yeye alikuwa akinitazama kutoka mlangoni mwa jiko, halafu anakuja kuichukua sahani, anaichungulia, anaondoka nayo. Alikuwa anakonda. Masika yaliyofuata homa ilimchukua, akafa, na nilikatazwa kumwosha.

Arobaini yake ndiyo siku Sista Inga alipokuja. Alikuwa akizungukia jamaa za waliotoka kambini, kuwapima. Alikuta watu wamejaa, masinia yanatoka, na mimi nyuma ya nyumba na sahani yangu. Uso wake ukafurahi. "Vizuri sana, Mama Somoe! Unaitumia! Kama kwetu!"

Nilikuwa sina nguvu ya adabu tena. Nikamwambia. Nikamwambia toka siku ya kufika mpaka siku ile, na kwamba sahani yake ndiyo iliyoninyima mkeka wa mama yangu, na mama sasa yuko chini. Sikumpigia kelele. Yeye alichuchumaa pale pale kwenye mavumbi, akaiinua sahani akalitazama jina chini yake.

"Nilikuwa mdogo," akasema. "Kazi yangu ilikuwa kumpelekea bibi chakula. Bakuli nililisukuma kwa mti juu ya ngazi. Sikupanda. Hakuna aliyepanda. Alikuwa akituita kwa majina, mmoja mmoja." Macho yake yalikuwa mekundu. "Siku zote nilisimulia kwamba alikaa na sisi."

Akainuka, akaniongoza kwa mkono mpaka uani, mbele ya watu wote wa khitma. Akamwomba Mkumba sinia moja. Tukakaa mkekani, mimi na yeye, akaosha mikono, akala nami kwa vidole vyake, ovyo, wali unamwanguka mapajani. Hakuna aliyecheka. Mkumba alisimama akitutazama. Kisha akaja akakaa, akanawa. Akatia mkono kwenye sinia.

Tangu hapo nakula na watu. Na wewe, ukitoka huko ulipo, rudi mikono mitupu, uketi mkekani kabla hawajafikiri. Pengine huu ndio msaada wote nilionao.

Lakini bado moja. Jioni ile ya arobaini, wageni wametawanyika, Somoe alikuwa anaosha vyombo nami. Akaikuta sahani yangu, imebaki na wali nusu, maana nilikuwa nimeiacha nilipoinuliwa na Sista. Akaishika akaanza kulia.

"Una nini, mwanangu?"

"Leo umebakiza," akasema.

"Leo nimebakiza. Kwani?"

"Bibi alikuwa anangoja ubakize. Kila siku. Alisema, mjomba wako hataki nikae na mama yako, lakini akibakiza nitakula hapa hapa jikoni, kwenye sahani yake, tutakuwa tumekula pamoja." Akajifuta kwa bega. "Tangu aanze kungoja ulibakiza mara moja tu, ulipokuwa na homa. Alikula yote, akanipa na mimi tonge moja, akaniambia nisiseme."